Barua za Wahandisi: “Bosi anasema mteja hajalipa”

Mwezi huu barua zilizotoka saiti ni nyingi kuliko zilizotoka ofisini, na karibu zote zinazungumzia malipo. Nimezisoma zote. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo niliyapitia mwenyewe nikiwa na umri kama wa mwandishi wake, na wakati huo sikuwa na wa kumuuliza.

*Shikamoo Mama Mhandisi. Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nimalize shahada. Nipo kwa mkandarasi wa barabara, mimi ndiye mhandisi wa saiti upande wa makalavati na mitaro. Mwezi wa nne sasa sijaona mshahara. Tukiuliza tunaambiwa mteja hajalipa, akilipa tutapewa wote kwa mpigo. Bosi ni mtu mwema, alinipa kazi wakati kila mtu alikuwa anataka mwenye uzoefu. Nikiondoka naogopa kupoteza hii miezi minne. Nikibaki naogopa itafika minane. Nifanyeje?*
*Kijana wa makalavati*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hayo maneno, “mteja hajalipa”, maana yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasiwe jibu la swali lako.

Fedha za mradi hutembea hivi. Mwisho wa mwezi mkandarasi huandaa hesabu ya kazi iliyofanyika: mita za ujazo za kifusi, mita za kalavati, tani za nondo. Bila shaka wewe mwenyewe umeshika futi na kupima baadhi ya kazi hizo. Hesabu hiyo huenda kwa mhandisi mshauri, yule anayesimamia kazi kwa niaba ya mteja, anaikagua na kutoa hati ya malipo, kisha mteja analipa. Katika kitabu chekundu cha mwaka 1999, yaani mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambacho kimetumika kwenye mikataba mingi ya ujenzi duniani, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati tangu apokee hesabu, na mteja ana siku 56 za kulipa, zinazohesabiwa tangu siku hiyohiyo mhandisi alipopokea hesabu. Kwa hiyo hata pasipo na mtu aliyechelewa, kalavati ulilomwagia zege tarehe mosi linaweza kulipwa karibu miezi mitatu baadaye. Na malipo yenyewe hayaji kamili. Hukatwa marejesho ya malipo ya awali, na hukatwa sehemu ambayo mteja huishikilia mpaka kazi ithibitike kuwa nzima.

Mkandarasi aliyajua haya yote siku alipoandika zabuni. Ndiyo maana hutakiwa awe na mtaji wa kuendesha kazi kabla malipo hayajaingia, na mishahara ya watu wake ni sehemu ya mtaji huo. Tena mkataba humpa kinga. Mteja akichelewa, mkandarasi anaweza kudai gharama ya ucheleweshaji, na akitoa notisi ya siku 21 anaweza kupunguza kasi ya kazi au kuisimamisha. Wewe huna hata moja kati ya kinga hizo, kwa sababu hukuingia mkataba na mteja. Uliingia mkataba na mkandarasi. Mradi ukileta faida kubwa huitwi kugawiwa, basi na ukame wake usibebeshwe wewe.

Sasa chunguza. Wewe ni mtu wa saiti, una namna ya kujua. Usiulize “tutalipwa lini”. Uliza hivi: hati ya mwezi gani ndiyo haijalipwa, na hesabu yake ilipelekwa tarehe ngapi? Mara nyingine utakuta hesabu ilirudishwa na mshauri kwa sababu matokeo ya jaribio la nguvu ya zege lililofikisha siku 28 hayakuambatishwa, au vipimo havina saini ya pande zote mbili. Hapo unaweza kusaidia, kwa sababu karatasi hizo zinatoka kwenye kazi yako. Kusanya matokeo ya maabara ya kila kalavati, yapange kwa tarehe ya kumwaga, mpelekee anayeandaa hesabu. Nimewahi kuona hati iliyokwama wiki sita ikitoka ndani ya siku tatu kwa kazi hiyo tu.

Lakini mara nyingine utakuta mteja alikwishalipa. Hilo ndilo lililonipata mimi.

Nilikuwa na miaka minne kazini, kwenye daraja la nguzo nane. Miezi mitano hatukulipwa, na maneno tuliyoambiwa ni hayohayo unayoambiwa wewe. Sikuondoka kwa sababu sakafu ya daraja ilikuwa haijamwagwa zege, na nondo zake nilizikagua mimi, safu kwa safu, kwa magoti. Niliona nikiondoka nitakuwa nimemwacha mtoto barabarani. Tukaimwaga usiku kucha, tukamaliza jua likitoka, na nilifurahi kama ninayelipwa. Wiki mbili baadaye mkaguzi wa mshauri akaniambia, bila kujua kwamba ananipa habari, kuwa hati zote za daraja lile zilikuwa zimelipwa isipokuwa moja. Pesa ilikuwa imenunua mtambo wa saiti nyingine. Nilipodai, nilipata ya miezi miwili. Ya miezi mitatu sijaipata mpaka leo. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na ulikuwa umekwisha, na sikuwa na karatasi hata moja inayoonyesha kwamba niliendelea kuajiriwa. Mahudhurio yangu yalikuwa kwenye daftari la saiti, na daftari lilibaki saiti.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaamua kuondoka au kubaki, tengeneza ushahidi wako. Andika barua ya adabu, ya nusu ukurasa, inayotaja miezi usiyolipwa na kiasi cha kila mwezi, na inayoomba tarehe ya kulipwa. Omba ujibiwe kwa maandishi. Wakikujibu kwa mdomo, rudi na uandike tena: “kufuatia mazungumzo yetu ya leo, nimeelewa kwamba...” Weka nyumbani nakala ya mkataba wako, slipu ya mwisho ya mshahara, na barua zozote zinazokutaja kama mhandisi wa mradi. Michoro na hesabu za kampuni usiziguse, hizo si zako, na ukizichukua utawapa sababu ya kukugeuzia kesi.

Kisha anza kutafuta kazi leo, ukiwa bado na cheo chako. Kwangu mimi miezi miwili ndiyo mwisho wa subira, na wewe umekwisha kuupita. Mshahara ulioufanyia kazi ni deni. Hauyeyuki kwa kuwa umeacha kazi. Lakini muda wa kufungua madai una mwisho kisheria, na mara nyingi ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi mapema ukaulize, usisubiri uchoke kwanza.

Kuhusu wema wa bosi, ninakuelewa sana. Alikupa mlango. Umemlipa kwa miaka mitatu ya makalavati yanayopitisha maji. Ukitaka kumwonyesha heshima, mwachie makabidhiano safi: orodha ya makalavati yaliyokamilika na yasiyokamilika, mchemraba upi wa sampuli ya zege bado uko kwenye maji ukisubiri kupimwa siku ya 28, alama za vimo ziko wapi na zilihakikiwa lini. Mfanye atakayekuja baada yako asiharibikiwe kazi. Mpaka hapo utakuwa umemtendea haki.

*Mama, nimepata kazi mbili kwa wakati mmoja na nimechanganyikiwa. Ya kwanza ni ya saiti, jumla yake ni kubwa, lakini mshahara wa msingi hata nusu haufiki, zilizobaki ni posho. Ya pili ni ya ofisi ya usanifu, jumla ni ndogo kwa sehemu moja ya tano, ila karibu yote ni mshahara wa msingi. Rafiki zangu wote wanasema nichukue ya kwanza. Mimi nina miaka 29, nimeoa, na tuna mtoto mmoja.*
*Kati ya mbili*

Rafiki zako wamesoma mstari wa mwisho tu wa barua ya ajira. Chukua karatasi tuhesabu pamoja.

Tuseme ya kwanza ni 100, na ndani yake msingi ni 45. Ya pili ni 80, na ndani yake msingi ni 70. Kazi ya saiti aghalabu ni siku sita, na siku ya kumwaga zege haina saa ya kutoka. Tuchukulie saa 60 kwa wiki. Ofisini tuchukulie saa 40. Mia moja kwa saa 60 ni 1.67 kwa saa. Themanini kwa saa 40 ni 2. Kwa hiyo kazi uliyoambiwa inalipa kidogo ndiyo inayonunua saa yako kwa bei kubwa zaidi. Weka saa zako halisi badala ya hizi zangu, uone.

Halafu angalia nini kinahesabiwa juu ya msingi. Uliza, na usome kwenye karatasi: makato ya pensheni yanapigwa kwenye msingi au kwenye jumla? Kiinua mgongo? Muda wa ziada? Malipo ya likizo na ya ugonjwa? Mahali pengi hupigwa kwenye msingi. Posho ya saiti hukoma saiti inapokwisha, na kipindi kati ya mradi mmoja na mwingine utaambiwa urudi ofisini kusubiri, ukiwa na 45 yako. Nimewaona wahandisi wazuri wakichukua mkopo wa nyumba kwa kutegemea jumla, kisha daraja likakabidhiwa na posho ikaondoka pamoja na kontena za saiti.

Sisemi uikatae saiti. Katika umri wako, miaka miwili mitatu ya saiti inafundisha mambo ambayo ofisi haitakufundisha kamwe. Ila ingia ukiwa umeomba vitu viwili: mshahara wa msingi uongezwe, hata kama posho itashuka na jumla ikabaki ileile, na iandikwe utalipwa nini mradi ukisimama. Mwajiri akikubali la kwanza na akakwepa la pili, ameshakuambia anavyotarajia mradi wake utakavyokwenda.

Na mkeo amesema nini? Kwenye barua yako nzima umetaja maoni ya rafiki tu. Atakayelea mtoto peke yake siku sita kwa wiki ni yeye.

*Nimesajiliwa mwaka jana. Jirani yangu ana mtu wake wa kuchora, ameleta michoro ya ghorofa nne, hesabu hakuna, anataka niigonge muhuri na kutia saini ili apate kibali. Analipa vizuri, ni kama mshahara wangu wa miezi miwili kwa kazi ya dakika tano. Anasema wenzangu wote wanafanya. Kweli kuna ubaya, ikiwa jengo lenyewe ni la kawaida?*
*Mwenye muhuri mpya*

Usiigonge. Sitazunguka.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, njia mbili za kutembelea zilizoning’inia juu ya ukumbi ziliporomoka na watu 114 wakafa. Mwanzoni njia ya ghorofa ya pili na ile ya ghorofa ya nne zilipangwa kuning’inia kwenye fimbo zilezile za chuma zinazoshuka moja kwa moja kutoka kwenye paa. Hata mpango huo haukuwa umefikia nguvu iliyotakiwa na kanuni. Baadaye kila fimbo ikagawanywa: moja kutoka paa hadi njia ya juu, nyingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini fikiria watu wawili walioshika kamba moja, kila mtu kwa mikono yake, halafu yule wa chini aiachie kamba na ashike miguu ya mwenzake. Mikono ya wa juu sasa inabeba wawili. Nati zilizokuwa chini ya boriti za njia ya juu zilibebeshwa mzigo mara mbili, na michoro yenye badiliko hilo ilipita ikiwa na muhuri wa mhandisi. Wahandisi waliohusika walinyang’anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Nakuandikia haya kwa sababu umesema jengo ni la kawaida. Na ile ilikuwa njia ya kutembea kwa miguu ndani ya hoteli.

Tazama pia muda. Ufaransa, kwa mfano, sheria humbana msanifu na mjenzi kwa miaka 10 tangu jengo lipokelewe, kwa kasoro inayohatarisha uimara wake. Wewe unalipwa mara moja kwa dakika tano, halafu kila mvua kubwa itakayonyesha utakuwa unalifikiria jengo la mtu ambaye hata udongo wake huujui.

Kama unaihitaji hiyo pesa, na najua unaihitaji, mwambie jirani yako utaifanya kazi hiyo kikweli. Uende kiwanjani, uone majibu ya udongo, upige hesabu za misingi, nguzo, mihimili na slabu, michoro irekebishwe panapostahili, halafu uisaini na utoze saa zako zote. Atalalamika bei. Mweleze kwamba anachonunua ni hesabu, muhuri unakuja nyuma yake. Akikataa, mpigie simu aliyekusimamia ulipokuwa unajiandaa kusajiliwa, umsimulie. Utahitaji mtu wa kukushika mkono kwa sababu ombi kama hilo litarudi, na litarudi siku ambayo kodi ya nyumba imekwisha.

*Mimi ni fundi sanifu, nina stashahada na miaka 14 saitini. Kila mwaka naletewa wahandisi wapya niwafundishe kusoma michoro na kupima levo, na mwaka wa pili wananizidi mshahara. Nina miaka 41. Nirudi shule?*
*Mwalimu asiyelipwa*

Ndugu yangu, uchungu wako ni halali, na walioleta hao vijana kwako wanajua thamani yako, maana hawawapeleki kwa mtu mwingine.

Swali la shule linategemea unataka nini. Ukitaka haki ya kusaini usanifu, hakuna njia ya mkato, ni shahada na usajili. Hata mikataba ya kimataifa ya kutambuana imegawanyika hivyo: ule wa Washington wa mwaka 1989 ni wa shahada za uhandisi, wa Sydney wa mwaka 2001 ni wa wanateknolojia wa uhandisi, na wa Dublin wa mwaka 2002 ni wa mafundi sanifu. Kabla hujalipa ada hata ya muhula mmoja, nenda kwa bodi inayosajili wahandisi uulize kama programu hiyo inatambuliwa, na chuoni uulize stashahada yako itapunguza miaka mingapi. Nimewahi kukaa na mtu aliyemaliza miaka minne ya jioni, kisha bodi ikamwambia haitambui. Sikuwa na la kumwambia.

Ikiwa unachotaka ni kulipwa kwa unachofanya, shule inaweza isiwe jibu. Omba cheo kinacholingana na kazi: msimamizi wa ubora wa vifaa, mkuu wa upimaji, mkufunzi wa saiti. Nenda na orodha ya wahandisi uliowafundisha na makosa uliyoyakamata kabla ya zege kumwagwa. Mwajiri anaielewa gharama ya kubomoa nguzo iliyokosewa vipimo. Zungumza naye kwa lugha hiyo.

*Kwenye usaili wakiniuliza nalipwa kiasi gani sasa, niseme ukweli?*
*Wa usaili*

Usidanganye, wanaweza kuomba slipu. Lakini hulazimiki kuanza na namba hiyo. Sema: “Kwa majukumu mliyonieleza, natarajia kati ya hapa na hapa,” na uwe umekwisha kuulizia kwa watu watatu wanaofanya kazi kama hiyo. Wakisisitiza, taja msingi, posho na nyumba au usafiri kama unapewa, vyote kwa pamoja, ili wasije wakakupandishia msingi huku umepoteza vingine.

*Shikamoo Mama. Nimefanya kazi miaka minne katika ofisi ya usanifu, kazi yangu ni kuchora nondo tu. Najua nondo vizuri. Lakini kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa saiti, na kila nikiomba kwenda saiti naambiwa “wewe tunakuhitaji hapa, na huko ni kugumu kwa mwanamke.” Usajili pia naona unanipita, wenzangu niliomaliza nao wameshaanza kuitwa. Najiona nimekwama kwenye kiti.*
*Binti wa nondo*

Marahaba binti yangu. Hilo la “kugumu kwa mwanamke” niliambiwa nikiwa na miaka 25, na aliyeniambia alidhani ananihurumia. Saiti ni ngumu kwa kila mtu. Kinachofanya iwe ngumu zaidi kwetu mara nyingi ni kukosa choo chenye mlango, buti za saizi yetu na usafiri salama usiku, na hivyo vyote vinanunulika. Vidai hivyo kwa majina yake. Mtu akisema “kugumu”, muulize ni kitu gani hasa kinachokosekana ili kiletwe.

Usiende kwa bosi na ombi la kuhamishwa, kwa sababu analisikia kama kumpoteza mchoraji. Nenda na tatizo lake mwenyewe. Wewe unajua ni maungio gani ya nguzo na mihimili yamesongamana. Kokoto ikiwa ya mm 20, Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya usanifu wa zege, inataka nafasi isiyopungua mm 25 kati ya nondo na nondo, na mchoro unaweza kuonyesha nafasi hiyo vizuri, lakini pale nondo zinapopishana kwa kuunganishwa nafasi inapotea, vibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, haiingii, na zege linaacha mapango. Mwambie: “Naomba niende kukagua nondo za michoro yangu kabla ya kila zege, nusu siku kwa wiki, ili nirudi na masahihisho.” Nusu siku kwa wiki ni ngumu kuikataa. Baada ya miezi sita utakuwa na ukaguzi zaidi ya ishirini, kila mmoja una tarehe, picha na ulichosema kibadilishwe.

Hicho ndicho bodi zinakitafuta. Marekani, kwa mfano, katika majimbo mengi hutakiwa takriban miaka minne ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni kabla ya kupewa leseni kamili, lakini miaka yenyewe si hoja. Kwenye usaili wa usajili nimekaa upande wa kuuliza mara nyingi, na swali langu la kwanza huwa: niambie jambo moja uliloliamua wewe. Watu wengi huanza na “tulifanya”. Wewe anza leo kuandika daftari la kazi kila Ijumaa, ukurasa mmoja, na usiandike ulichokiona tu. Andika ulichopendekeza, nani alikubali, nani alikataa na kwa nini.

Ubadilishe na wasifu wako. Pamoja na barua umeniletea ukurasa wa wasifu unaosema “nilishiriki katika usanifu wa jengo la ghorofa nane.” Sentensi hiyo hata mtu aliyekuwa anatoa nakala za michoro anaweza kuiandika. Hesabu michoro uliyoichora kwa mkono wako, taja ni ya misingi au ya mihimili, taja mahali ulipoona nondo zimezidi ukasema zipunguzwe, na matokeo yake. Mambo haya unayo, niliyaona kwenye aya ya pili ya barua yako, ile ndefu ambayo sikuichapisha hapa, ulipoeleza muungio wa ghorofa ya tatu uliowabishia wakubwa wako mpaka wakakubali. Umeyaandika kwangu, kwenye wasifu hayapo.

Wakikukatalia hata hiyo nusu siku, nitakuwa wa kwanza kukwambia utafute kazi kwingine, hata kwa mshahara uleule. Ila sidhani itafika huko. Siku utakaposimama kwenye saiti yako ya kwanza, usikae nyuma na faili kifuani. Nenda kwenye lori la zege, simama wakati wanajaza ile koni ya kupimia zege bichi, yenye kimo cha mm 300, ishike futi wewe mwenyewe wanapopima limeshuka kiasi gani, na uandike namba kabla hawajakutajia. Halafu niandikie slampu yako ya kwanza, yaani huko kushuka kwa zege, ilisoma ngapi.